Bangi katika milima ya Uluguru

Bangi katika milima ya Uluguru ina historia ndefu kuliko sheria inayoikataza. Milima hiyo iko katika Mkoa wa Morogoro, mashariki mwa Tanzania, na ni sehemu ya Safu ya Milima ya Tao la Mashariki. Mmea wenyewe ulikwisha kuonekana chini ya milima hiyo mwaka 1857, wakati ambapo hapakuwa na serikali yoyote ya kuukataza. Leo mkoa wa Morogoro hutajwa pamoja na Mara na Arusha kila zinapoorodheshwa sehemu za Tanzania zinazolima bangi kwa wingi, na mkulima anayekutwa na shamba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30.

Makala hii inaeleza pia uhusiano wa bangi na imani ya Rastafari. Watu wengi nchini huvihesabu vitu hivyo viwili kuwa kimoja, lakini kwa kweli ni historia mbili zilizoanza mbali na kukutana baadaye.

Jina

Neno bangi limetokana na lugha za Bara Hindi (bhang), likapitia Kiajemi na kufika pwani ya Afrika ya Mashariki kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi. Neno ganja nalo ni la Kihindi, lakini lilisafiri kwa njia nyingine: wafanyakazi wa mkataba kutoka India waliopelekwa Jamaika kuanzia mwaka 1845 walikwenda nalo, pamoja na mmea na desturi ya kuuvuta. Kwa hiyo maneno hayo mawili yaliondoka nchi moja kwa merikebu tofauti, yakakutana tena mitaani mwa Dar es Salaam na Morogoro pale muziki wa rege ulipoingia.

Majina ya mitaani ni mengi na hubadilika haraka: ndumu, msuba, jani, mjani, cha Arusha. La mwisho linatokana na sifa ya bangi inayolimwa kwenye miteremko ya Mlima Meru. Nchini Afrika Kusini mmea huitwa dagga, neno lenye asili ya Kikhoikhoi, na Malawi huitwa chamba. Katika bonde la Kongo na Angola yapo majina ya diamba na liamba, ambayo watumwa waliyavusha hadi Brazil.

Mmea

Mbangi (Cannabis sativa) ni mmea wa msimu mmoja. Huwa na mimea dume na mimea jike, na ni maua ya mmea jike yanayotoa utomvu wenye kemikali ya THC ambayo humlevya mvutaji. Unastahimili udongo hafifu, hukua katika mwinuko wa chini na wa juu, na hufika urefu wa kumpita mtu. Kwa sababu hiyo mashamba mengi hufichwa katikati ya mahindi au mtama, au huwekwa mbali na njia.

Historia

Zungomero, 1857

Mwezi Juni 1857 Waingereza Richard Francis Burton na John Hanning Speke waliondoka pwani kuelekea maziwa makuu. Baada ya mwezi mmoja hivi walifika Zungomero, kituo cha misafara katika nchi ya Wakutu, kwenye bonde la mto Mgeta upande wa kusini-mashariki wa milima ya Uluguru. Misafara kutoka pwani ilikutana hapo kabla ya kupanda kwenda bara, na wapagazi walipumzika kwa siku nyingi. Burton, ambaye hakupapenda hata kidogo, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1860 kwamba miongoni mwa mambo yaliyowavuta watu Zungomero ni pombe ya mtama, pamoja na bangi na mnanaha vilivyojiotea huko.

Maelezo yake kuhusu uvutaji yanafahamika kwa yeyote aliyewahi kuona kiko cha maji cha zamani: toza la udongo juu, digali linaloshuka hadi kwenye kibuyu chenye maji, malio ya maji mtu anapovuta, kisha kikohozi kirefu. Burton alikuwa mtazamaji makini lakini pia mwenye dharau nyingi kwa watu aliokutana nao, na kurasa zake zinapaswa kusomwa kwa kukumbuka hilo. Hata hivyo ushahidi wake wa msingi ni thabiti: katikati ya karne ya 19 bangi ilikuwa kitu cha kawaida kwenye njia ya misafara chini ya Uluguru, na haikuwa ya siri.

Ilifikaje huko? Njia ya pwani ndiyo inayoelezwa na jina lenyewe. Lakini Afrika ya Mashariki ilikuwa na uvutaji wa bangi zamani sana kabla ya misafara ya karne ya 19. Huko Lalibela, nchini Ethiopia, waakiolojia walipata vichwa vya viko vya karne ya 14 hivi vyenye mabaki ya bangi, yaani kabla tumbaku haijaletwa kutoka Amerika. Inawezekana kabisa kwamba kiko kilizoea bangi kwanza, tumbaku ikafuata.

Dini ya bangi ya Kasai

Wakati huohuo, magharibi zaidi, bangi ilikuwa imefanywa msingi wa dini. Miongoni mwa Waluluwa wa Kasai (katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya leo), waliojulikana wakati ule kama Bashilange, lilitokea kundi la Bena Diamba, maana yake "watu wa bangi". Wajerumani Paul Pogge na Hermann von Wissmann walilikuta mwaka 1881 likiongozwa na chifu Kalamba Mukenge. Wafuasi walivuta pamoja kwa kiko kikubwa cha kibuyu, waliacha sehemu ya mila zao za zamani, na walihesabiana ndugu. Kundi hilo lilikuwa pia na upande wa biashara na siasa: lilifungua nchi kwa misafara ya pembe za ndovu na kumwongezea Kalamba nguvu juu ya majirani zake.

Bena Diamba hawahusiani na Rasta wala na Uluguru. Wanatajwa hapa kwa sababu wanaonyesha kwamba jumuiya ya kidini inayotumia bangi kama kitu kitakatifu haikuanzia Jamaika. Afrika iliijua miaka 50 kabla. Milima ya Uluguru yenyewe ilikuwa na kitovu chake cha dini ya jadi katika pango la Kolelo, ambako watu walitoka hata Uzaramo kwenda kuomba mvua, na jina la Kolelo linatajwa pia katika historia ya Vita vya Maji Maji mwaka 1905.

Marufuku

Katazo la bangi lilitoka nje. Mkataba wa Kimataifa wa Afyuni uliotiwa sahihi Geneva mwezi Februari 1925 uliongeza bangi kwenye orodha ya vitu vinavyodhibitiwa, hasa kwa kudaiwa na Misri. Uingereza, iliyokuwa ikitawala Tanganyika kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, ilifuata mkataba huo katika makoloni yake, na kulima au kuvuta bangi kukawa kosa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 ulikaza msimamo huo, na serikali za baada ya uhuru hazikuubadilisha.

Kwa watu wa milimani katazo hilo lilikuwa moja kati ya mengi. Serikali ya kikoloni iliwaamuru pia jinsi ya kulima. Mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, ulioanzishwa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, uliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito, na katika sehemu nyingi matuta yalifukua udongo usio na rutuba na mavuno yakapungua. Mwezi Julai 1955 upinzani ulilipuka Matombo, polisi walipiga risasi, na mtu mmoja aliuawa. Mpango ulikufa. Matuta ya ngazi yanaonekana hadi leo hasa upande wa Mgeta, ambako yalisaidia kilimo cha mboga. Tangu hapo ofisa yeyote anayepanda mlimani na amri kuhusu zao fulani hukuta watu wanaokumbuka amri zilizotangulia.

Wakimbizi wa Mazimbu

Mji wa Morogoro ulikuwa na sura nyingine ya kimataifa. Chama cha ANC cha Afrika Kusini kilifanya mkutano wake mashuhuri huko mwaka 1969, na kuanzia mwaka 1978 kiliendesha Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu (SOMAFCO) huko Mazimbu, kilichofungwa mwaka 1992. Mamia ya vijana waliokimbia baada ya machafuko ya Soweto ya mwaka 1976 walisoma hapo. Wanahistoria wa chuo hicho wameandika kwamba uvutaji wa dagga ulikuwa mojawapo ya matatizo ya nidhamu yaliyowasumbua viongozi, pamoja na ulevi. Kwa vijana waliolelewa kwenye vitongoji vya Johannesburg na kutupwa katika nchi ngeni bila wazazi, jambo hilo halishangazi sana.

Kilimo na biashara

Ili kuelewa kwa nini bangi inalimwa Uluguru, inafaa kutazama kwanza mazao halali. Upande wa mashariki, yaani Matombo, Kinole, Mkuyuni na Tawa, hupata mvua nyingi na hutoa ndizi, mananasi, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Upande wa Mgeta, ulio juu na wenye baridi, hutoa kabichi, viazi, njegere na matunda kama mapichi. Mazao haya yote yana tatizo moja: yanapaswa kushuka. Katika vijiji vingi barabara huishia chini, na mkungu wa ndizi au gunia la kabichi hubebwa kichwani au mgongoni kwa saa kadhaa kabla ya kukutana na bodaboda au gari. Wakati wa masika gari huenda lisifike kabisa. Kabichi zilizokosa gari huoza.

Bangi iliyokaushwa ni nyepesi, haiozi, na mnunuzi huifuata mwenyewe. Kwa kilo moja hiyohiyo ya mzigo mgongoni thamani yake haifanani na ya ndizi. Hesabu hii ndiyo inayoendesha kilimo cha bangi katika milima mingi ya dunia, kuanzia Rif ya Morocco hadi Lesotho.

Sababu nyingine ni ardhi. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na kwa desturi ardhi ni mali ya lukolo, yaani ukoo, si ya mtu mmoja. Anayelima ardhi ya ukoo usio wake, kwa mfano mume kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe, anaruhusiwa mazao ya msimu lakini si miti ya kudumu, kwa kuwa miti huleta madai ya umiliki. Mashamba ni madogo na yamegawanyika. Kijana asiye na ardhi ya kupanda mikarafuu au migomba ana sababu ya kutafuta zao linaloiva kwa msimu mmoja, na ana sababu pia ya kupanda juu zaidi, karibu na msitu, ambako hakuna wa kumwuliza.

Mnyororo wa biashara ni mfupi. Mkulima huuza kwa mnunuzi wa kati ambaye mara nyingi ametanguliza fedha au chakula wakati wa kupanda. Mzigo hufungwa katika viroba vya salfeti au magunia, hufichwa chini ya mkaa, mahindi au matunda, na kuteremshwa usiku kwa miguu au pikipiki. Morogoro ni njia panda: barabara kuu za kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma na kwenda Iringa na Mbeya zinaachana hapo, na soko kubwa kuliko yote liko chini ya kilomita 200 upande wa mashariki. Mjini bangi hugawanywa kuwa puli, halafu kete na misokoto. Kila hatua huongeza bei, na sehemu inayobaki kwa aliyelima ni ndogo kabisa. Lakini yeye ndiye anayekutwa shambani, kwa maana shamba halikimbii.

Rasta na bangi

Pinnacle

Imani ya Rastafari ilianza Jamaika baada ya Ras Tafari Makonnen kutawazwa kuwa Haile Selassie I, Mfalme wa Wafalme wa Ethiopia, tarehe 2 Novemba 1930. Mmoja wa wahubiri wa kwanza alikuwa Leonard Howell, ambaye mwaka 1940 alianzisha jumuiya ya Pinnacle kwenye vilima vya Sligoville. Mamia ya wafuasi waliishi hapo wakilima chakula chao wenyewe, kufuga, kuoka mikate, na kulima ganja kama zao la kuuza. Ganja ilikuwa imepigwa marufuku Jamaika tangu mwaka 1913.

Pinnacle ni mfano wazi wa jumuiya ya kidini iliyosimama kwa biashara ya bangi. Polisi waliivamia mwaka 1941, wakarudi kwa nguvu zaidi mwaka 1954 wakakamata watu zaidi ya 100 na kuharibu mashamba, na kufikia mwaka 1958 jumuiya ilikuwa imetawanyika. Waliotawanyika walihamia mitaa ya maskini ya Kingston, na huko ndiko imani yao ilikokutana na muziki. Serikali ilivunja kijiji kimoja na bila kukusudia ikaeneza mafundisho yake mji mzima.

Mfano wa pili ulitokea miaka ya 1970. Kanisa la Ethiopian Zion Coptic Church, lenye mizizi Jamaika na waumini wengi Wamarekani weupe, lilijenga makao katika jumba la kifahari kwenye kisiwa cha Star Island, Miami. Lilifundisha kwamba bangi ni sakramenti, na lilikuwa na mashamba makubwa na biashara nyingine Jamaika. Viongozi wake walihukumiwa nchini Marekani mwaka 1981 kwa kuingiza bangi kwa tani nyingi, na mahakama zilikataa hoja yao ya uhuru wa dini. Tofauti na Pinnacle ni kubwa: huku wakulima wadogo waliojilisha, kule meli za magendo. Wanaojadili kama bangi ya Rasta ni ibada au ni biashara tu wangefanya vizuri kusema kwanza wanazungumzia kundi lipi.

Kwa Rasta mwenyewe ganja ni mmea mtakatifu unaosaidia tafakari na mazungumzo ya pamoja. Hutaja Biblia, hasa Mwanzo 1:29 na Zaburi 104:14, zinazosema kuhusu mimea iliyoumbwa kwa ajili ya binadamu. Lakini si Rasta wote wanaovuta. Wapo wanaoepuka moshi wa aina yoyote kwa sababu ya kanuni yao ya kula na kuishi kwa asili.

Njia ya kwenda Tanzania

Afrika ya Mashariki iko ndani ya imani hii tangu mwanzo. Nyabinghi, jina la ibada ya ngoma ya Rasta, linatokana na Nyabingi, roho iliyoheshimiwa kusini-magharibi mwa Uganda na kaskazini mwa Rwanda, ambayo waganga wake waliongoza upinzani dhidi ya Wazungu. Mashuhuri kati yao, Muhumuza, alikamatwa na Waingereza mwaka 1911. Ethiopia ilitoa ardhi ya Shashamane, hekta 200 hivi, kwa watu weusi wa ng'ambo waliotaka kurudi Afrika. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilitaifishwa baada ya mapinduzi yaliyomwondoa mfalme mwaka 1974, na waliobaki waliishi miaka mingi bila uraia.

Baada ya mapinduzi hayo baadhi ya Rasta waliielekea Tanzania. Nchi ilikuwa na sifa zilizowavutia: Azimio la Arusha, kambi za wapigania uhuru, Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1974, na urafiki kati ya Julius Nyerere na waziri mkuu wa Jamaika Michael Manley. Mwanahistoria Walter Rodney, aliyekuwa ameketi na Rasta wa Kingston kabla ya kuzuiwa kuingia Jamaika mwaka 1968, alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hadi mwaka 1974. Horace Campbell, Mjamaika mwingine aliyefundisha chuoni hapo, alichapisha mwaka 1985 kitabu muhimu kuhusu Rasta na mapambano ya watu weusi. Katika miaka ya 1980 serikali iliwakubalia Rasta kutoka Karibi na Uingereza kuhamia nchini. Idadi yao ilikuwa ndogo. Historia yao imeandikwa na Monique Bedasse katika kitabu *Jah Kingdom* cha mwaka 2017.

Wahamiaji hao walikuja kwa ajili ya ardhi, ujamaa na Afrika. Vijana wa Kitanzania kwa upande wao waliipokea Rasta zaidi kwa njia ya kaseti za rege. Baada ya Bob Marley kuimba kwenye sherehe za uhuru wa Zimbabwe mwaka 1980, nywele za kusokota zilionekana katika kila mji, pamoja na wanamuziki wa rege wa Kiswahili kama Jah Kimbute na Justin Kalikawe. Hata neno likapanuka: katika saluni za Tanzania leo "kusuka rasta" ni kusuka nywele za bandia, na wasichana wanaofanya hivyo hawana habari na Haile Selassie.

Kuchanganywa na wakulima

Mkulima wa bangi wa Uluguru kwa kawaida si Rasta. Wakazi wengi wa milima hiyo ni Wakatoliki au Waislamu, na bangi wanayolima ni ya kuuza, kama wengine wanavyolima ufuta. Rasta wa mjini naye kwa kawaida si mkulima wala mfanyabiashara wa bangi. Wengi huishi kwa uchoraji, uchongaji, muziki na kazi nyingine za mikono. Lakini machoni pa watu wengi, na pa askari wengi, nywele zake zinatosha kuwa ushahidi. Matokeo yake ni kwamba Rasta hupekuliwa kwa kosa linalotendeka zaidi na watu wasiofanana naye, huku mzigo ukipita chini ya magunia ya mkaa kwa dereva aliyenyoa vizuri.

Sheria

Tanzania ilitunga sheria mpya ya dawa za kulevya mwaka 1995, iliyounda Tume ya Kuratibu Udhibiti wa Dawa za Kulevya. Sheria hiyo ilifutwa na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, iliyounda Mamlaka yenye uwezo wa kupeleleza na kukamata. Mamlaka ilianza kazi mwaka 2017. Chini ya sheria ya sasa kulima bangi kuna adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 30, na mwenye ardhi anayeruhusu ilimwe kwake ana hatia pia. Kusafirisha kiasi kikubwa kunaweza kuleta kifungo cha maisha.

Katika mashamba ya ukoo kifungu kuhusu mwenye ardhi kina ugumu wake, kwani kuthibitisha shamba la mlimani ni la nani si rahisi. Rufaa nyingi za kesi za bangi nchini zinahusu mambo ya namna hiyo pamoja na utaratibu: kama hati ya ukamataji ilijazwa papo hapo mbele ya shahidi huru, kama kielelezo kilitunzwa bila kukatika mnyororo kutoka kwa askari hadi kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na hadi mahakamani. Pale mnyororo unapokatika mshtakiwa huachiwa, wakati mwingine baada ya miaka kadhaa gerezani.

Mwaka 2023 Mamlaka iliendesha operesheni katika vijiji vya Wilaya ya Morogoro na kuteketeza mamia ya ekari za bangi. Katika operesheni za aina hii mimea hufyekwa na kuchomwa, na viongozi wa vijiji huonywa kwamba nao watawajibika.

Dini haitoi msamaha wowote katika sheria hii. Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa imani, lakini uendeshaji wa ibada unabaki chini ya sheria za nchi.

Mazingira

Misitu ya juu ya Uluguru ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2008, ikiwa na hekta zaidi ya 24,000. Humo kuna viumbe wasiopatikana kwingine duniani, kama ndege anayeitwa kwa Kilatini Malaconotus alius. Zaidi ya hayo, mto Ruvu unaanzia hapo, na mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ndiyo inayoipa Dar es Salaam sehemu kubwa ya maji yake. Mto Ngerengere nao hujaza bwawa la Mindu linalotumiwa na mji wa Morogoro.

Shamba la bangi lililofichwa kwa kawaida hufunguliwa mahali penye miti na maji, yaani palepale panapotakiwa kubaki msitu. Mamlaka imelalamika kwamba walimaji hukata miti kwenye vyanzo na kuchepusha vijito kwa ajili ya kumwagilia. Lakini moto wa kuandaa mashamba, uchimbaji wa madini na ukataji mbao vinaharibu misitu hiyo pia, na bangi isichukuliwe kuwa sababu pekee. Msako wenyewe una athari: mkulima anayefukuzwa kwenye mteremko mmoja hupanda juu zaidi.

Nchi jirani

Msimamo wa Tanzania haujabadilika, ila majirani wamebadilika. Lesotho ilianza kutoa leseni za kilimo cha bangi ya dawa mwaka 2017, Zimbabwe ikafuata mwaka 2018, Malawi mwaka 2020, na Rwanda ikaruhusu kilimo kwa ajili ya kuuza nje mwaka 2021. Leseni hizo kwa kawaida zinahitaji uzio, maabara na mtaji mkubwa, hivyo mkulima wa kijijini mara chache hunufaika nazo.

Kwa Rasta mabadiliko yamepitia zaidi mahakamani. Afrika Kusini, wakili mtarajiwa Gareth Prince alishindwa mwaka 2002 katika Mahakama ya Katiba, kwa kura tano dhidi ya nne, alipodai haki ya kutumia bangi kwa ibada. Mwaka 2018 mahakama hiyohiyo iliruhusu watu wazima wote kuitumia kwa faragha. Jamaika ilibadilisha sheria mwaka 2015 na kuwaruhusu Rasta kuitumia katika ibada. Nchini Kenya Mahakama Kuu iliamua mwaka 2019, katika kesi ya mwanafunzi wa Nairobi aliyekataliwa shuleni kwa ajili ya nywele zake, kwamba Rastafari ni dini inayolindwa na katiba. Mwaka 2021 Rasta wa Kenya walifungua shauri jingine mahakamani, safari hii wakidai haki ya kuitumia bangi yenyewe katika ibada zao.